Mkono Usiokuwa na Haraka

Mchuma chai wa Bumbuli hukata majani mawili na chipukizi lake kwa gumba na kidole cha shahada, kisha akarudia, mpaka tenga lijae na mzigo uanze safari ya kiwandani, kama kile cha Mponde. Mkono unaofanya hivyo msimu baada ya msimu huishia kuuma kano za gumba, hapo juu ya kifundo. Kufungua mfuniko wa chupa ya chai tu kunamtoa mtu machozi.

Kwa maumivu ya namna hii mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kutumia altrasaundi ya kutibu, isiyotoa picha kama ile ya kliniki ya wajawazito. Ukimtazama anayeijua kazi, utaona kwamba hasugui. Kwanza anadondosha maji juu ya kichwa cha mashine na kuiwasha, aone matone yakitetemeka. Humo ndani mna kristali. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kristali za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme hutikisika. Mtikisiko huo ndio dawa.

Kisha anapima ngozi kwa kitu cha moto na cha baridi, kwani asiyehisi joto anaweza kuungua bila kujua. Anachagua masafa: megahezi 1 kwa msuli ulio ndani, megahezi 3 kwa kano iliyo karibu na ngozi. Hewa ni adui, hata iwe nyembamba kiasi gani, maana mawimbi ya mtikisiko huo hugonga hapo na kurudi. Ndiyo sababu ya jeli. Kifundo chenye mifupa mingi hutumbukizwa kwenye beseni la maji, kichwa cha mashine kikae kama sentimita 1 kutoka kwenye ngozi, na mtaalamu hufuta viputo vinavyoganda hapo.

Ndipo mkono unapoanza kuzunguka: miduara midogo inayopandana, polepole, bila kusimama. Ukisimama, joto hujikusanya na mfupa huanza kuuma kwa ndani.

“Mama, unasikiaje?”

“Mbona sisikii kitu, mwanangu?”

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Kwa dozi ndogo, ambayo mawimbi hupiga na kupumzika, kutosikia kitu ni sawa kabisa. Kuongeza nguvu kungemridhisha mama, naye haongezi. Anamweleza, na mkono unaendelea.

Anajua pia mipaka ya mashine yake. Mwaka 2001 Valma Robertson na Kerry Baker walipitia majaribio 35 ya tiba hii. 10 tu ndiyo yaliyofanywa kwa utaratibu wa kuridhisha, na kati ya hayo ni mawili yaliyoonyesha kuwa inashinda tiba ya kuigiza. Kwa hiyo dakika tano zikiisha anafuta mkono kwa kitambaa na kuanza kazi ndefu zaidi: kifaa cha kupumzisha gumba, mazoezi ya kushusha kifundo taratibu huku mkono umeshika chupa ndogo ya maji, na maswali kuhusu shamba. Mkanda wa tenga unapita wapi? Mkono wa pili unaweza kuchuma? Mara ijayo, anamwomba, aje nalo hilo tenga.