Saido Wawili na Deni la Shukrani

Katika kijarida chetu hiki watu wanahakiki mashairi, nyimbo, na mara mojamoja kitabu kilichopita mkono kwa mkono mpaka kikapoteza jalada. Mimi leo nahakiki kelele. Nasema zile kelele za mashabiki wa mpira pale mchezaji nyota anapohama katikati ya msimu. Msinicheke. Hapa Bwiza kijana ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu kusoma hata ubeti mmoja atapanda juu ya benchi akuhutubie dakika ishirini kuhusu usajili wa dirisha dogo, kwa mafumbo, kwa methali, kwa tarehe, kwa kuiga sauti ya mtangazaji. Hiyo ni fasihi simulizi kabisa. Na kama fasihi hiyo ina wasikilizaji wengi kuliko sisi wote tunaoandika humu, basi ni haki kuuliza inatufundisha nini.

Nachukua kesi mbili. Wote wawili wanaitwa Saido, wote wamezaliwa Bujumbura, wote wamevaa jezi ya Intamba mu Rugamba. Na wote wawili walihama ekipe wakati ligi inaendelea.

Wa kwanza ni Saido Berahino. Alizaliwa mwaka 1993, baba yake akafa wakati wa vita, na mtoto akafika Uingereza akiwa na miaka 10. Alikulia Birmingham, akaingia shule ya mpira ya West Bromwich Albion akiwa bado mdogo. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 20 katika mashindano yote. Tottenham wakamtaka. Siku ya mwisho ya usajili, Septemba 2015, West Brom wakakataa kumuuza, na Berahino akaandika kwenye mtandao kwamba hatacheza tena chini ya mwenyekiti wa klabu. Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Akabaki, lakini hakuwa yule tena. Januari 2017, katikati ya msimu, akauzwa kwa Stoke City kwa pauni milioni 12. Ratiba nayo ikamchezea shere: tarehe 4 Februari Stoke walikwenda kucheza West Brom, Berahino akaingizwa kipindi cha pili, na uwanja mzima uliokuwa ukimshangilia ukamzomea.

Kuzomea peke yake si kosa. Uwanja si kanisa. Yule kijana alitishia kugoma na ana mkataba, na shabiki aliyelipa tiketi akakasirika: hilo naelewa, na sitamtetea Berahino kwa hilo. Ninachohakiki ni neno. Neno lililomfuata kila mahali, hata huku kwetu, ni kwamba hana shukrani. Sasa tazama neno hilo linavyofanya kazi. Mchezaji mwingine akitaka kuhama wanasema ana tamaa, pesa imempanda kichwani, wakala amemdanganya. Mchezaji aliyeingia nchini kama mkimbizi akitaka kuhama, hesabu inarudishwa nyuma mpaka siku aliyovuka mpaka. Tulikupokea. Tulikulea. Tulikuvalisha viatu. Yaani mabao 20 hayakulipa kitu. Deni bado liko palepale, na halina tarehe ya kuisha.

Wewe unayesoma haya ukiwa Kavumu au Musenyi hauhitaji nikufafanulie deni la namna hiyo. Unalijua.

Saido wa pili ni Ntibazonkiza. Huyu ni mzee wa kazi, mzaliwa wa 1987, amecheza NEC kule Uholanzi, Cracovia kule Poland, Caen kule Ufaransa. Oktoba 2020 Burundi waliifunga Tanzania 1-0 pale Dar es Salaam katika mechi ya kirafiki, na bao lilikuwa lake. Muda si mrefu Yanga wakamsajili. Mwaka 2022 wakaachana, akaenda Geita Gold. Kisha Desemba 2022, dirisha dogo, Simba wakamchukua. Alikuwa na miaka 35.

Hapo kelele zikawa tamu. Upande wa Yanga ukacheka: Simba wameokota mzee tuliyemwacha. Upande wa Simba ukajibu: ngojeni mtamwona. Na kwa kweli wakamwona. Kabla mwaka haujaisha Simba wakaifunga Tanzania Prisons 7-1, na matatu yalikuwa ya Saido. Juni 2023 akaifunga Polisi Tanzania mabao matano katika mechi moja. Msimu ukaisha ana mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga. Mrundi mmoja na Mkongomani mmoja, 17 kwa 17, juu kabisa ya ligi ya Tanzania. Hapa kwetu, kartie yenye Warundi na Wakongomani waliochanganyika mpaka kwenye sahani, unaweza kufikiria mabishano.

Kwa ufundi wa maneno, mabishano yale nayapa alama za juu. Kumbukumbu yao ni kali, utani wao una adabu yake, na mtu akisema uongo kuhusu tarehe anakatwa papo hapo. Lakini kama mhakiki naona shimo kubwa katikati ya hadithi yao: Geita. Katika yale mabao 17 kuna aliyoyafunga akiwa Geita Gold. Kule Geita kulikuwa na watu waliomshangilia kuanzia mwanzo wa msimu, na Desemba wakaamka hawana mshambuliaji. Nani aliwasemea? Hakuna. Ilikuwa hadithi ya wakubwa wawili wanaotaniana juu ya kichwa cha mdogo. Msimu uliofuata, 2023/24, Geita Gold wakashuka daraja. Sisemi wameshuka kwa sababu ya Saido, mpira hauendi hivyo. Nasema tu kwamba hadithi yenye watu watatu ilisimuliwa kama ina watu wawili, na sisi tuliokaa upande wa wadogo maisha yetu yote ndio tuliosaidia kuisimulia hivyo.

Nirudi kwenye maneno, maana ndipo penye jambo langu. Mchezaji akiomba kuondoka, lugha yetu ya mpira ina majina tele: msaliti, mroho, kasahau alikotoka, hana shukrani. Klabu ikimwondoa mchezaji, tuna neno gani? Magazeti yanaandika ametemwa. Fikiria vizuri neno hilo. Kinachotemwa ni makapi ya muwa: utamu umenyonywa, kilichobaki kinatupwa barabarani. Na mashabiki wa Tanzania wana namna nyingine, kwamba mchezaji amepewa "Thank You", kwa sababu klabu inaweka picha yake mtandaoni na maneno hayo juu yake. Angalia maajabu: mchezaji anayeondoka mwenyewe hana shukrani, na klabu inayomwondoa inamfukuza kwa neno lilelile la shukrani.

Mfano uko karibu. Januari 2023 Simba walimleta Jean Baleke, Mkongomani, kutoka TP Mazembe. Alifunga, tukaimba. Januari 2024, katikati ya msimu, Simba wakaachana naye pamoja na Mzambia Moses Phiri, na hawa wawili walikuwa miongoni mwa wafungaji wao. Watu walishangaa, ndiyo. Wapo waliokasirika. Lakini sikusikia mtu hata mmoja hapa akisema Simba ni msaliti, au kwamba Simba haina shukrani. Walisema ni mipango ya kocha, ni biashara. Baadaye Baleke alipoonekana na jezi ya Yanga, neno msaliti likarudi mezani mbiombio, kama lilikuwa likingoja mlangoni.

Basi ndiyo kanuni iliyojificha ndani ya fasihi hii: mdogo akihama ni tabia yake mbaya, mkubwa akimhamisha ni mpango. Siyo kanuni ya Tanzania peke yake. Kule Marekani, kwenye besiboli, klabu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji msimu ukiendelea, na wengi wao hawaulizwi. Mtu anaambiwa tu sasa wewe ni wa mji fulani. Mwaka 1969 mchezaji Mweusi aitwaye Curt Flood, aliyekaa miaka 12 St. Louis, aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Akakataa. Alisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ikamkatalia. Alikosa kesi, na kazi yake ya kucheza ikawa imekwisha. Lakini wachezaji waliokuja nyuma yake walipata haki ya kuchagua, na leo jina lake linatajwa kwa heshima. Wakati ule wapo wengi waliomwona mtu mwenye mshahara mkubwa asiyejua kushukuru.

Sasa nitendee haki upande wa shabiki, maana uhakiki wa kumpiga mtu aliyekaa si uhakiki. Katika biashara nzima ya mpira, shabiki ndiye asiye na mkataba, asiyelipwa na asiyehama. Kocha anahama, mchezaji anahama, mdhamini anahama. Yeye anabaki na jezi iliyopauka yenye jina la mtu aliyekwisha ondoka. Na kwa watu wetu uchungu huo ni mara mbili. Nafanya kazi na vijana waliotoka Uvira, Fizi, Bukavu, na wengine Warundi waliorudi kutoka kambi za Tanzania. Kuna aliyevuka bila cheti cha shule, bila simu, bila picha ya mama yake. Lakini ekipe yake alivuka nayo, na hakuna askari wa mpakani aliyeiulizia karatasi. Ukimwondolea nyota wake Januari, umegusa kitu kimoja alichodhani hakiwezi kuhamishwa. Hasira yake ina mzizi. Mimi nalalamika tu kwamba anaielekeza kwa mtu asiye sahihi.

Na hapa ndipo naomba tuache utani kidogo, kwa sababu maneno ya kwenye benchi hayabaki kwenye benchi. Kijana wa kambini akija kutafuta kushona au kubeba saruji hapa mjini, wenzake wanasema amesahau alikotoka. Binti aliyekuwa akijitolea mahali, akapata pengine panapomlipa, anaitwa msaliti. Familia ikipata majina ya kwenda kuishi nchi ya mbali, majirani wanaosali nayo wanaanza kuinunia kabla basi halijaja. Ni maneno yaleyale, wala hayajabadilishwa nguo. Lakini mradi ukifungwa katikati ya mwaka, vijana 40 wakakuta mlango una kufuli, tunasema nini? Tunasema bajeti. Tunatema sauti ya upole kabisa: bajeti imekwisha. Wakati mwingine tunapewa hata cheti cha shukrani.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnaosoma hapa, hili si tusi. Najua wengi wenu mnaletewa "Thank You" yenu kwa barua pepe, na mnaondoka na mizigo yenu kabla hatujaaga. Nataka tu tuwe na neno la ukweli kwa jambo hilo, kama tulivyo nalo kwa mchezaji.

Tusifananishe kupita kiasi lakini. Mchezaji ana mkataba, ana wakala, ana mshahara, na akifika klabu mpya anapigiwa picha ameshika jezi. Mkimbizi hahamii mahali, anakimbia kutoka mahali. Februari 2025 watu waliovuka mto Rusizi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, pale Cibitoke, kwenye nyasi zilezile za mechi, mvua ikinyesha. Baadaye wengi wakapelekwa Musenyi, mbali kule Rutana. Hao ni watu waliohamishwa katikati ya msimu wa kulima, katikati ya mwaka wa shule, na hakuna aliyetia sahihi popote. Kwa hiyo nikisema Berahino na mkimbizi wa Musenyi wanadaiwa shukrani ileile, simaanishi wana maisha yaleyale. Namaanisha wanaodai wanatumia daftari moja.

Berahino mwenyewe alirudi. Tangu 2018 alichezea Burundi, na mwaka 2019, tulipofika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, yeye ndiye alikuwa nahodha kule Misri. Tulifungwa mechi zote tatu na hatukupata bao hata moja. Wapo waliosema kule Ulaya wamemkataa ndiyo maana katukumbuka. Unaona? Akiondoka hana shukrani, akirudi amekosa pa kwenda. Na zile klabu mbili zilizobadilishana naye Januari 2017, West Brom na Stoke, zilishuka daraja pamoja mwaka 2018, bila yeyote kuziita zisizo na shukrani.

Kwa vijana wangu wa Bwiza nimependekeza zoezi, na nawapa nanyi. Dirisha dogo likifunguliwa tena, kabla ya kupanda juu ya benchi, mtoa hotuba ajibu maswali matatu: nani aliomba, nani alitia sahihi, na nani ameachwa bila kuulizwa. Akishajibu, aseme anachotaka, hata atukane kidogo. Jumamosi iliyopita tulijaribu kwa mara ya kwanza, na mabishano yalichukua saa nzima zaidi ya kawaida, kwa sababu swali la tatu liligawa kundi: mmoja alisema walioachwa ni mashabiki, mwingine akasema ni Geita, na msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema ni mama wa mchezaji. Hatukumaliza. Tutaendelea wiki ijayo.