Mchango au Mshahara?

Katika masomo ya siasa kwa viongozi wa matawi ya wafanyakazi, swali moja hurudi kila linapokuja kundi jipya: "Ndugu Mkufunzi, mwajiri wetu haleti mchango wake kwenye Mfuko. Tumwombe vipi?" Neno hilo "tumwombe" linaonyesha jinsi fikra za mwenye mali zilivyojipenyeza katika kichwa cha mwenye jasho.

Sehemu ya lawama ni ya neno "mchango" lenyewe. Kwetu sisi mchango ni jambo la harusi na msiba: mwenye nacho hutoa, asiye nacho husamehewa. (Kamati za harusi za siku hizi hazisamehe, lakini hilo tuliache.) Sheria haizungumzii hiari. Mfuko wa NSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kushika nafasi ya Mfuko wa Akiba wa mwaka 1964, hudai asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na sehemu ya mfanyakazi haizidi 10.

Sehemu ya mwajiri ni ujira uliowekwa akiba. Mfanyakazi amekwisha kuutolea jasho. Sehemu ya mfanyakazi imekwisha kukatwa, na karatasi ya mshahara inashuhudia. Basi mwajiri anayeikata na kuizungusha katika biashara yake amejikopesha mali ya mnyonge bila riba wala idhini. Maofisini husemwa kwa upole kwamba "amechelewesha michango". Mfanyakazi akichukua mfuko mmoja wa saruji ghalani, hakuna anayesema amechelewesha kuurudisha.

Tazama matokeo yake. Pensheni ya uzeeni hutaka michango ya miezi 180. Mtu aliyefanya kazi miezi yote hiyo, lakini 24 kati yake haikufika kwenye Mfuko, huonekana katika daftari ana 156. Amepungukiwa, naye hugundua akiwa na miaka 60, pengine kiwanda kimekwisha kufungwa. Upande wa bima ya afya hasara haingoji uzee: mama huambiwa dirishani kwamba kadi haifanyi kazi, na mtoto yuko mgongoni.

Tusiwanyoshee kidole mabepari peke yao. Serikali nayo ilikuwa mdaiwa wa mfuko wa watumishi wake kwa miaka mingi, kutokana na haki za kabla ya mwaka 1999. Mwaka 2021 ndipo ilipotoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipa deni hilo. Mwajiri binafsi aliuona mfano huo.

Kasoro iliyobaki ni kwamba sheria humfanya mwajiri kuwa tarishi wa fedha ambazo yeye mwenyewe anazitamani, kisha humngoja mfanyakazi alalamike, huku akijua mlalamikaji huwa wa kwanza kupunguzwa kazini. Kwa hiyo madai yasiachiwe mtu mmoja mmoja. Kila mwezi tawi lidai kwa jina la wote kuonyeshwa risiti ya Mfuko, na ibandikwe ukutani pale wanapopokelea mishahara.