Karafuu Njema na Dalili Zake

Karafuu ni tumba la ua la mkarafuu, lililochumwa kabla halijafunguka na kukaushwa juani. Thamani yake imo katika mafuta yaliyohifadhiwa kwenye vijifuko vidogo chini ya ngozi yake. Karafuu njema huwa na mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli, inayoipa ukali na harufu. Mafuta hutengenezwa mtini. Baada ya kuchuma, mkulima hawezi kuyaongeza, anaweza kuyalinda tu. Kwa sababu hiyo, kila kosa la shambani na la jamvini huacha alama kwenye karafuu kavu, na mjuzi ni yule anayezitambua alama hizo.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu, na hadi leo ndiko zao hili linakojulikana zaidi.

Tumba changa ni la kijani. Likipevuka hupauka, kisha hushika wekundu. Wakati wa kuchuma ni pale wekundu unapoanza kuonekana na kichwa kingali kimefumba. Lililochumwa mapema hukauka likawa dogo, lenye makunyanzi na mafuta haba. Lililocheleweshwa hufunguka, petali zikapukutika, na karafuu hubaki bila kichwa. Likiachwa zaidi huwa tunda, ambalo mafuta yake ni machache mno. Vishada vya mti mmoja havipevuki kwa pamoja, hivyo mti hurudiwa zaidi ya mara moja katika msimu. Karafuu zenye ukubwa mmoja na rangi moja ni ushahidi wa mchumaji mvumilivu.

Vishada huchambuliwa siku hiyohiyo: karafuu upande wake, makonyo upande wake. Makonyo nayo yana mafuta, na kiwanda cha Wawi, Pemba, huyatoa kwa mvuke. Lakini yakibaki ndani ya karafuu huhesabiwa kuwa uchafu. Hatari kubwa zaidi ni kuilaza karafuu mbichi lundo, au kuiacha inyeshewe kabla haijakauka. Hupata joto, ikavunda, na jua la kesho yake haliwezi kuirudishia kilichopotea.

Karafuu huanikwa tabaka jembamba kwenye jamvi au sakafu safi, hupinduliwa mara kwa mara, na huanuliwa kabla ya mvua na umande. Jua likiwa kali, siku nne au tano hutosha. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu. Lami ya barabarani hukausha upesi, lakini huitia karafuu changarawe, vumbi na harufu ya magari; moshi wa kuni nao huacha harufu isiyotoka.

Ukaguzi huanza kwa jicho. Karafuu njema ni nene, nyekundu ya kahawia, na kichwa chake cha mviringo kina rangi nyepesi kidogo kuliko shina. Iliyovunda hupauka, hukunjamana na huweza kuwa na utando mweupe. Karafuu nyingi zisizo na vichwa huonyesha uchumaji uliochelewa, au ukaushaji uliopita kiasi hadi vichwa vikakatika.

Kisha mkono. Karafuu iliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio mkavu. Inayopinda bado ina maji. Unyevu haufai kuzidi asilimia 12, kwani juu ya hapo ukungu huingia. Ukucha ukikandamizwa kwenye shina, mafuta yaonekane au ngozi iachwe na unyevunyevu wenye harufu. Shina likitoa unga mtupu, mafuta yamekwisha.

Kipimo cha maji huthibitisha. Karafuu yenye mafuta huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyopoteza mafuta huelea imelala. Mwisho ni pua na ulimi: harufu iwe kali na tamu, ladha iunguze kisha iache ganzi. Harufu ya uchachu au ukungu hutosha kuikataa, hata rangi ikipendeza.

Karafuu iliyofaulu vipimo hivyo hutunzwa nzima, kwani ikisagwa mafuta yake huruka upesi. Ghalani hutiwa kwenye magunia safi na makavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, sakafu na bidhaa nyingine zenye harufu. Nyumbani, chombo kilichofungwa vizuri na kuwekwa mahali penye kivuli kinatosha, na sehemu ya kusaga itolewe kwa kadiri ya matumizi ya siku.