Wagumu wa Mlimani

Kilo 20 ni ndoo moja ya maji. Mwanamke yeyote wa Singida aliyekulia mbali na bomba anaujua uzito huo kwa shingo yake mwenyewe. Sasa ndoo hiyo itoke msituni Mti Mkubwa, karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, ipande hadi uwanda wa Shira, mita 3,500, kwa njia ya mizizi, matope na mawe. Anayeibeba awe pia na nguo zake mgongoni, na afike kambini kabla ya wale waliobeba chupa ya maji na kamera. Hapo tena si suala la nguvu. Ni ufundi, na wenye ufundi huo kwenye Mlima Kilimanjaro wanaitwa wagumu.

Mimi na mume wangu tulikwenda huko sikukuu ya Uhuru ilipoungana na wikendi. Tulipanda basi stendi ya Misuna, Singida, tukapita Katesh chini ya Hanang, mlima ambao kwa haki ndio jirani yetu. Una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na ungetutosha kabisa. Lakini mwenzangu alitaka theluji, na Hanang haina. Kilele cha Uhuru hakipandwi kwa wikendi. Wenye busara hutenga siku sita au saba, mwili uizoee hewa nyepesi. Sisi tuliomba kidogo: tuingie kwa lango la Londorossi, tulale Mti Mkubwa, tulale Shira, tukitazame kilele cha Kibo na theluji yake, turudi. Mapumziko ya watu wawili walioacha watoto kwa bibi yao.

Nilichokuja kukitazama zaidi ni mizigo.

Mgumu hapokei mzigo kama ulivyo. Anaufungua, anaupapasa, anaufunga upya. Vilivyo laini vinakuwa chini, upande wa kichwa, na uzito unagawanywa ili mzigo usivute upande mmoja. Kisha vyote vinaingia kwenye kiroba, kwa sababu mvua ya msitu ule hupenya zipu yoyote, na mdomo unakazwa kwa kamba. Kichwani inakaa ngata, nguo kuukuu iliyosokotwa, halafu kiroba juu yake.

Nilimfuata mmoja kwa makusudi, kadiri pumzi zangu zilivyoniruhusu. Shingo haikutikisika hata kidogo; zilizofanya kazi ni nyonga na magoti. Mguu haukuinuka juu ya jiwe zaidi ya ilivyohitajika. Macho yalisoma njia hatua kadhaa mbele, maana mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama kuangalia anapokanyaga. Alipopumzika hakuutua chini. Alitafuta mwamba wenye kimo cha kifua, akauegesha hapo, akafuta uso, akaupokea tena bila kuhitaji wa kumtwisha. Kuutua mpaka ardhini na kuuinua upya ni gharama, na yeye aliijua gharama hiyo kuliko mhasibu.

Asubuhi wao ndio wa mwisho kuondoka, kwa kuwa lazima wang'oe mahema tuliyolalia. Njiani wanatupita wakisema, "Pole na safari, dada," kana kwamba mwenye kustahili pole ni mimi. Tukifika Shira hema limesimama, maji ya kunawa yanatoa mvuke, bisi na chai viko mezani.

Hema nalo lina elimu yake. Mlango ulikuwa umeupa upepo kisogo, sakafu iliinuka kidogo upande wa vichwa, na kila kamba ilikuwa imezungushiwa jiwe juu ya kigingi, maana udongo wa Shira ni wa volkeno, haukishiki kigingi vizuri. Usiku theluji nyembamba ilianguka. Nilijua kwa sababu nilisikia mtu akizunguka nje, akigonga turubai kwa kiganja, taratibu, ili theluji iteleze isilemee hema. Mume wangu, aliyesafiri masafa yote hayo kwa ajili yake, alilala usingizi mzito. Alfajiri alitoka akapiga picha theluji iliyosalia kwenye majani.

Jikoni nilikaa muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni. Kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaweza kuchemka tangu adhuhuri yasiive. Mpishi hashindani na hilo. Anapika viazi vilivyokatwa vidogo, supu ya karoti na tangawizi, ndizi, na nyama aliyoichemsha kabla ya kupanda. Mafuta yake yalikuwa ya alizeti, kama ya kwetu. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kwao, lakini sababu ya mpishi haikuhusiana na Singida: mafuta ya mawese huganda kwa baridi ile, ya alizeti yanabaki yakimiminika.

Na niseme wazi kwamba sikwenda kusifu ufukara. Kumpamba mtu kwa maneno huku buti zake zimepasuka ni unafiki. Kanuni ya kilo 20 kwa mzigo wa mgeni ipo, na mizani ipo langoni. Mjini Moshi upo mradi unaowaazima wapagazi makoti na buti bila malipo. Hata hivyo mgeni anayebishana juu ya bei ya safari hadi shilingi ya mwisho ajue kuwa mara nyingi punguzo lake linakatwa kwenye posho ya aliye chini ya kiroba.

Sisi wa Singida tuna sababu yetu ya kuiheshimu kazi hii. Manyoni na Itigi ya leo zimo katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, na misafara ya pembe na vitambaa ilikuwa haina budi kuikata. Wapelelezi Burton na Speke waliipita mwaka 1857 nyuma ya wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara. Palipokosa maji walipiga tirikeza: waliondoka mchana, wakalala bila maji, wakayafikia asubuhi ya pili. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ile ilikuwa imekwisha kazi. Lakini namna ya kusuka ngata, kupima hatua na kuufikisha mzigo salama ilikuwa imeshapanda mlimani.

Ramani ya mlima, hata hivyo, imewakumbuka wengine. Kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, mita 5,756, pana mahali panapoitwa Stella. Mwaka 1925 Kingsley Latham, mpanda milima kutoka Afrika Kusini, alifika hapo na mkewe Stella, na jina la mke likabaki kwenye ramani. Mume wangu alipolisikia hilo alinitazama kwa namna ya mtu anayepiga hesabu. Nilimwambia amalizie kwanza kuezeka jiko.

Kabla yao, Oktoba 1889, Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kileleni. Vilele na vituo kadhaa vya mlima ule vimebeba majina ya Wazungu. Lakini Meyer alifanikiwa pale aliposhindwa awali kwa sababu safari hii aliweka kambi juu, na wapagazi wakampandishia chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Katika kambi hiyo, karibu mita 4,300, alikaa nao mtu wa Pangani, Mwini Amani, mzaliwa wa pwani ya minazi, akitunza moto na kupika huku mabwana wakipanda na kushuka barafuni. Ramani ya Kilimanjaro ikichapishwa upya, uwanda ule kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, ilipokuwa kambi hiyo, una nafasi tele ya kuandika jina lake.