Kifundo cha Mkono cha Collins Obuya

Tarehe 24 Februari 2003, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Collins Obuya wa Kenya alirusha ova 10, akatoa mikimbio 24 na kuangusha wiketi 5. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, walikuwa wakifukuza 210 za Kenya wakaishia 157. Waliomwangukia ni pamoja na Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Ova hizo ndizo zilizomfikisha Warwickshire, klabu ya kaunti yenye makao Birmingham, mwaka uleule.

Obuya alikuwa mrushaji wa legi-spini, ufundi unaohesabiwa kuwa miongoni mwa migumu zaidi katika kriketi. Kidole cha shahada na cha kati hulala juu ya mshono wa mpira. Cha pete hukunjwa na kuubana kwa pembeni. Wakati wa kuachia, kidole hicho huvuta mshono huku kifundo cha mkono kikifyatuka. Mpira ukizungushwa barabara hujongea hewani kuelekea miguu ya mpigaji wa mkono wa kulia, huzama ghafla, kisha ukidunda hukata kwenda nje, mbali na miguu yake. Gugli, mpira wa hila wa mrushaji huyo, hutoka kwa mwendo uleule wa mkono, ila kifundo hupinda zaidi hadi mgongo wa kiganja umtazame mpigaji, na mpira huingia ndani. Kwa Sangakkara, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, mambo yaligeuka: mpira wa kawaida ulimwingilia, gugli ilimkimbia.

Hesabu nayo ilikuwa upande wa Obuya. Sri Lanka walihitaji mikimbio 4.2 kwa ova. Yeye alitoa 2.4. Ova 40 za wenzake zikabaki na mzigo wa karibu 4.7 kila moja, na mpigaji anayebanwa hivyo hujaribu kuupiga mpira asiousoma. Wiketi za legi-spini huzaliwa na haraka ya mpigaji kama vile zinavyozaliwa na mkono wa mrushaji.

Kriketi ya kaunti, kwa sehemu kubwa, haina haraka hiyo. Mechi za ubingwa huchezwa siku nne, na mpigaji anaweza kuiacha mipira mizuri ipite na kuusubiri ule mfupi. Mrushaji atahitaji kuirudia mipira mizuri ova baada ya ova, mara nyingine kwenye ardhi yenye unyevu na baridi inayokaza vidole. Kwamba kazi hiyo inawezekana Uingereza kulionekana msimu huohuo: Mushtaq Ahmed, mrushaji wa legi-spini kutoka Pakistani, aliangusha wiketi 103 na kuipa Sussex ubingwa wake wa kwanza. Lakini Mushtaq alikuwa na miaka mingi ya mechi ndefu. Obuya alikuwa na miaka 21, akitoka nchi yenye mechi chache za aina hiyo.

Hakudumu Warwickshire. Majeraha yalimwingilia, na uzungushaji wake haukurudi tena kuwa ule wa Gymkhana. Polepole akageukia gongo. Kwenye Kombe la Dunia la 2011 mjini Bengaluru, dhidi ya Australia, alifunga mikimbio 98 bila kutolewa.