Wino na Karatasi za Mwana Kupona

Wako wazazi wautajao Utendi wa Mwana Kupona wanapotaka kumwondoa binti shuleni, wakisema kwamba elimu ya mwanamke ni kumtii mume. Yafaa tuusome utendi wenyewe kabla ya kuufanya fimbo.

Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye amekwisha kuugua mwaka mzima. Ni kweli, sehemu kubwa yanena habari za mume, na hapo ndipo penye upungufu: binti apimwa kwa kuwa mke kuliko kwa kuwa mtu. Lakini uangalieni mwanzo wake. Mama amwita mwanawe aketi karibu, tena aje na wino na karatasi. Kabla hajaambiwa neno lo lote la mume, aambiwa kuandika. Na mwenye kumwambia ni mwanamke mtungaji; asingalikuwa na elimu, labda wasia wake ungalizikwa pamoja naye.

Basi apendaye maneno ya mama huyu na aanze pale alipoanzia yeye: ampe binti wino na karatasi.