Kiti Kilichokataa Kungoja

Katika miaka arubaini aliyokaa Bungeni Mama Anne Semamba Makinda, tangu 1975 alipoingia akiwa binti wa miaka 26 hata 2015 alipoamua kutogombea tena, sioni uamuzi uliowapunja wananchi na kumpunguzia yeye mwenyewe heshima aliyoistahiki kama ule wa siku za mwanzo za Julai 2015, alipoiacha, akiwa Spika, miswada mitatu mizito ya mafuta na gesi ipite mbele ya Kiti chake kwa hati ya dharura, zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya Rais Kikwete kulihutubia na kulivunja Bunge la Kumi tarehe 9 ya mwezi ule ule. Lilikuwa kosa. Nalisema kwa uchungu, maana huyu ni wa kwetu: Njombe alikozaliwa ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Iringa mpaka ulipokatwa mkoa mpya mwaka 2012, na wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tulianza kuielewa siasa, hila zake na adabu zake, kwa kumtazama yeye.

Mliotazama mnakumbuka. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa bado hayajaondolewa (hilo lilikuja Januari 2016, nami sijalisamehe mpaka leo), na televisheni za vinyozi wa Mwanjelwa, Mbeya, na za maduka ya Kihesa, Iringa, zilikuwa zikionyesha Dodoma kutwa. Wapinzani walisimama kuomba mwongozo, mmoja baada ya mwenziwe, wakitaka kujua vipi miswada ya uzito ule imefungwa fungu moja na kuletwa mwishoni mwa mkutano ambao shughuli yake kubwa ilikuwa bajeti. Spika akasimama, na Spika asimamapo kila mbunge hana budi kuketi, lakini wao hawakuketi. Kelele zikazidi, kikao kikaahirishwa, na shughuli ziliporejea zikarejea na adhabu: wapinzani kwa makumi wakatolewa ukumbini, baadhi yao wakizuiwa hata kwa vikao vilivyosalia. Kisha Katibu akasoma, waziri akatoa hoja, Kamati ya Bunge Zima ikapita vifungu kimoja baada ya kingine, na waliobaki wakasema ndiyo.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe, kwa kuwa aghalabu watu huanza pale penye kelele, ilhali kosa halikuwa pale. Mbunge aliyekataa kuketi Spika amesimama amevunja kanuni, na Spika yeyote mwenye kuilinda hadhi ya Kiti angemtoa. Kosa lilitendeka mapema zaidi, mahali ambapo kamera hazifiki, yaani katika Kamati ya Uongozi, ambayo Spika ndiye mwenyekiti wake na ndiyo ipangayo shughuli za mkutano. Hati ya dharura ni waraka wenye saini ya Rais, uelezao kwamba muswada hauwezi kungoja mwendo wake wa kawaida wa kutangazwa katika Gazeti la Serikali, kusomwa Mara ya Kwanza, kupelekwa kamatini, kamati kuwaita wadau na kuwasikiliza kwa wasaa, kisha kurudi ukumbini katika mkutano mwingine ukiwa umechambuliwa mpaka kiini. Waraka huo unafikisha kwa Spika haja ya Serikali, wala haumvui madaraka ya kuipima haja hiyo pamoja na wenziwe wa Kamati na kusema: huu mmoja tutauchukua, hii miwili hapana, irudishwe itakapokuwa tayari.

Naye alikuwa na kila sababu ya kuitenganisha. Muswada wa Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ungeweza kupita kwa maridhiano ya pande zote, maana hapakuwa na upande uliochukia mikataba kuwekwa wazi. Na ajabu iliyonitia simanzi ni kwamba sheria ya uwazi ndiyo iliyopitishwa pasina wasaa wa kutosha kwa watu kuisoma. Muswada wa Usimamizi wa Mapato, ulioweka mfuko wa fedha za mafuta na gesi katika Benki Kuu, ulihitaji wachumi na wahasibu wakae nao, na Mama Makinda, aliyesomea mambo ya fedha Mzumbe, alilijua hilo kuliko wengi waliokuwa ukumbini. Muswada wa Petroli ndio uliokuwa mrefu na mgumu kuliko yote, wenye kuunda mamlaka mpya ya kudhibiti utafutaji na uchimbaji, tunayoiita PURA leo, na kuifanya TPDC kuwa kampuni ya mafuta ya taifa. Huo ungesubiri Bunge la Kumi na Moja, na Bunge hilo lilikuwa limebakiza miezi minne tu kuzaliwa.

Na dharura yenyewe ilikuwa ipi? Vita haikuwapo, njaa haikuwapo, wala bajeti ya nchi isingekwama. Gesi iliyogunduliwa katika bahari kuu ya Lindi na Mtwara ilikuwa imelala chini ya sakafu ya bahari tangu kabla ya mwanadamu, nayo isingekimbia. Waliotetea dharura hiyo walisema wawekezaji wanangoja sheria ndipo waamue. Sheria wakaipata Julai 2015. Na mkataba wa awali wa mradi ule mkubwa wa kusindika gesi Lindi ukatiwa saini Juni 2022, miaka saba baadaye! Miaka saba ilipatikana kwa ajili ya majadiliano na makampuni ya kigeni, na kwa ajili ya wabunge waliochaguliwa na watu haikupatikana miezi minne.

Fauka ya hayo, palikuwa na damu katika kadhia hii. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa sababu watu wake waliona bomba la gesi linajengwa kwenda Dar es Salaam pasipo wao kuelezwa watafaidika nini, na ile ghasia ya Mei ilizuka hotuba ya bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma. Aliyekuwa amekalia Kiti mwaka ule ni yeye yule. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, tena mwenye akili na uzoefu kama wake, alijua kwamba jambo la gesi halikuwa na upungufu wa sheria kadiri lilivyokuwa na upungufu wa kusikilizwa. Asasi za kiraia nazo ziliomba muda zaidi. Hazikupewa.

Tusisahau pia jambo linalotugusa sisi. Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi, Sugu, mwaka 2010, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA, na hivyo miji yetu miwili mikubwa ilikuwa imeiweka dhamana yake katika upande wa upinzani ukumbini. Kambi hiyo ilipotolewa nje, mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye mbunge wa chama tawala aliwakilishwa, ila muuza mitumba wa Mwanjelwa, ambaye naye ni mwenye mali katika gesi ile kwa mujibu wa sheria iliyokuwa ikipitishwa, sauti ya kambi aliyoichagua haikuwamo katika hesabu.

Hesabu ya kura nayo, nimekwisha kuiandikia mara nyingi na wahariri wangu wamechoka nayo, haikuwapo. Miswada yetu huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha sikio la Kiti liamue nani ameshinda. Katika ukumbi uliojaa, njia hiyo ina upungufu wake. Katika ukumbi uliopunguzwa watu haithibitishi kitu, maana siyo ya aliye nje ya mlango haisikiki. Sheria ya mali ya vizazi ilistahiki kura ya kuitwa majina, kila mtu ajibu kwa jina lake, yaandikwe, wajukuu wayasome. Spika aliyesoma hesabu angeidai.

Mlango uliofunguliwa siku ile haukufungwa. Mwaka 2017, Kiti kikiwa cha Job Ndugai, sheria za kulinda utajiri na maliasili za nchi, ambazo kwa madhumuni yake naziunga mkono, zikapitishwa kwa hati ya dharura vile vile. Hivyo ndivyo desturi za Bunge zifanyikavyo: kauli moja ya Spika huwa hoja ya Spika ajaye.

Najua nitaambiwa kwamba ndivyo Bunge letu lilivyokuwa siku zote. Sikubali. Mkumbukeni Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga, aliyekikalia Kiti hicho tangu 1962 hata 1994, ukiondoa miaka michache ya katikati. Huyu alitoka katika nyumba iliyojua kungoja: Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaamuru Wajerumani wakirudishe kichwa cha babu yake, Mtwa Mkwawa, na kichwa kisirudi mpaka Juni 1954, Gavana Twining alipokikabidhi mikononi mwake. Mtasema aliongoza Bunge la chama kimoja, lisilo na upinzani. Ni kweli, nami nawajibu kwa mwaka 1993. Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa huko Chunya, alisimama na wenziwe, wote wakiwa 55, kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, hoja ambayo Mwalimu Nyerere aliichukia kiasi cha kuiandikia kitabu. Chifu Adam angeweza kuizima mezani, na wakubwa wangemshukuru. Ilijadiliwa. Mtu wa Mbeya alitoa hoja, Kiti kikiwa cha mtu wa Iringa, na nchi ikasikia.

Mkumbukeni na marhumu Samuel Sitta katika kadhia ya mkataba wa umeme wa Richmond. Aliruhusu Kamati Teule iundwe Novemba 2007, ikiongozwa na Dakta Harrison Mwakyembe wa Kyela, akaipa muda, na ripoti ilipoletwa Februari 2008 akaiacha isomwe na ijadiliwe mbele ya taifa, hata Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Mama Makinda alikuwa Naibu wake. Alikaa hatua chache kutoka katika darasa bora la kazi hii ambalo nchi imepata kuwa nalo.

Hapo lazima niuguse uamuzi mwingine, wa Novemba 2010, ambao si wake bali wa Kamati Kuu ya chama chake, nao ndio chanzo cha udhaifu huu kwa maoni yangu. Sitta alikatwa, ikasemwa kwamba sasa ni zamu ya mwanamke, na majina ya wanawake watupu yakapelekwa kwa wabunge wa CCM, ndipo Mama Makinda akapatikana na kumshinda Mabere Marando wa CHADEMA ukumbini. Walimdhulumu Mama Makinda. Alikuwa amekwisha kuwa waziri, mkuu wa mkoa wa Ruvuma na Naibu Spika kwa miaka mitano. Angeshindana na yeyote, mwanamume au mwanamke, akashinda kwa sifa zake. Badala yake aliingizwa kwa njia iliyomfanya aonekane ana deni kwa waliomsafishia njia, na katika siasa anayedhaniwa ana deni hudaiwa, hata kama hakukopa. Bibi Titi Mohamed, kwa upande wake, hakupewa zamu na mtu. Katika miaka ya hamsini alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akakaa nao, akazungumza nao, akapata ridhaa yao kwanza, na kadi za TANU zikafuata. Kwa hiyo alipopanda jukwaani hakuwa na deni ila kwa wale wanawake.

Insafu yanitaka niseme kwamba miezi minane tu kabla ya Julai ile, Novemba 2014, Mama Makinda aliiendesha kadhia ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow vyema sana, akaiacha ripoti ya kamati ya Zitto Kabwe na marhumu Deo Filikunjombe wa Ludewa ijadiliwe mpaka usiku na maazimio yakapatikana.

Na baada ya kuondoka Bungeni, alipokwisha kuongoza bodi ya Bima ya Afya, akawa Kamisaa wa Sensa ya 2022, na hapo nilimwona tena yule niliyemjua. Kabla ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti alizunguka mikoani akieleza, akiulizwa, akijibu, akirudia, akiwaambia watu kwa nini karani ataingia ua wao na kishikwambi mkononi na kwa nini asiogopwe. Hesabu ilipotangazwa, watu 61,741,120 nchi nzima, Mbeya wakiwa 2,343,754, Iringa 1,192,728 na Njombe yake 889,946, hapakuwa na ghasia. Uwezo wa kuwaandaa watu kabla ya kuwauliza alikuwa nao tangu zamani.

Ndiyo maana nataka kulisikia neno lake juu ya Kamati ya Uongozi ya siku zile. Amekwisha kustaafu ubunge, na vijana wa vyuo vya Mbeya na Iringa wakimwalika wasimuulize habari za kuwa mwanamke wa kwanza katika Kiti, ambazo zinajulikana. Wamuulize ni nani aliyekuwapo mezani hati zile tatu zilipoletwa, kama kuna aliyependekeza zitenganishwe, na yeye alijibu nini.